Jina Nililookotwa Nalo

Mpaka nilipong'oka jino la kwanza, mama yangu mzazi hakuwahi kuniita mwanangu. Aliniita mtoto wa watu. "Mtoto wa watu, njoo ule." "Mtoto wa watu, toka juani." Alilisema neno hilo kwa upole mwingi, hata mpita njia angedhani ni jina la kubembelezea. Mikono yake ilinipaka mafuta, ilinisuka nywele, ilinifunga mgongoni kama mikono ya mama yeyote. Ulimi peke yake ndio uliofungwa.

Jina langu ni Siwako. Sasa ni mzee, na katika umri wangu wote nimekutana na watu wanne tu wenye jina hili, wote wadogo kwangu. Wawili walizaliwa vijiji vya jirani na kwetu, upande wa Handeni, baada ya wanawake kuona kwamba mimi nimeishi. Wa tatu nilimkuta sokoni Korogwe, binti aliyeteremka na mama yake kutoka Kwashemshi kuuza ndizi. Mama yake alipomwita niligeuka mimi, tukacheka wote watatu mpaka ndizi zikasahaulika. Wa nne alikuwa kwenye orodha ya watoto wa chanjo. Nililisikia jina likisomwa, nikasimama, kumbe aliyeitwa alikuwa mtoto mchanga amelala mgongoni mwa mama yake. Baada ya hapo sijalisikia tena. Watoto wa siku hizi wanaishi, alhamdulillahi, na jina kama langu halina tena kazi ya kufanya. Karani mmoja aliwahi kuniuliza, kalamu mkononi, "Bibi, hili ni jina au unanijibu?" Nikamwambia andika tu, mjukuu wangu, karatasi yako ni fupi kwa habari zake.

Basi naziandika hapa, kwa jinsi nilivyosimuliwa na kwa jinsi ninavyokumbuka. Mengine niliyaona kwa macho ya mtoto, na macho ya mtoto huona kama mtu aliyesinzia adhuhuri akaamka nusu. Rangi zimebaki. Mpangilio wa siku umekwenda zake.

Kwetu kulikuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka Handeni bomani, kando ya njia iendayo Korogwe. Waingereza ndio waliotawala, lakini kijijini tuliwaona kwa nadra, kama mvua ya kiangazi. Tuliloliona kila siku ni mahindi na ukavu. Baba alikuwa mkulima kama wengine, na tena alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Watoto wa kijiji walikaa kwenye mikeka barazani petu, mbao zao za kuandikia magotini, wakasoma kwa sauti moja, na mimi nilizaliwa ndani ya sauti hiyo. Hata leo nikifumba macho naisikia ikipanda na kushuka, na njiwa wa paani wakiijibu.

Kabla yangu mama alizaa watatu. Hakuna aliyefikisha siku arobaini. Wa tatu alipofukiwa, mama aliacha kula chakula cha moto, akawa anakula kilichopoa tu, kana kwamba hakustahili joto. Baba alimhimiza kusubiri na kuomba. Mama alisubiri na aliomba. Lakini mimba yangu ilipokuwa kubwa, bibi yangu, mama yake mama, alihamia kwetu na mzigo wake wa nguo, akasema safari hii ataongeza na akili.

Akili yenyewe ilikuwa hii. Nyuma ya nyumba yetu walikuwa wamepanga mtu na mkewe, Wanyamwezi, mume akiwa kibarua wa barabara. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara ya wapagazi, wale wabeba mizigo. Mtani anaweza kuchukua kuku wako mchana unamwona, anaweza kukuzomea hata msibani, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Na kwa kuwa haoni haya mbele yako, yeye ndiye huitwa kufanya lile ambalo ndugu hawezi. Wazee waliamini kwamba mauti yakishaijua nyumba, huifuata. Basi mtoto hutupwa jaani penye majivu na maganda, mtani akapita na kumwokota, akawa wake. Mauti yakija kuuliza yataambiwa hapa hakuna mtoto.

Asubuhi ya siku ya tatu tangu nizaliwe bibi akanibeba katika ungo, akaniweka juu ya majivu yaliyopoa. Mama alikuwa amesimama nyuma ya mlango, kanga mdomoni. Bibi alinisimulia mara nyingi yaliyofuata, na kila mara aliigiza sauti zote mbili.

"Hee!" mtani alisema, yule mke wa kibarua, akisimama na mtungi wake. "Nani katupa kitu kizuri hivi?"

"Takataka zetu hizo," bibi akamjibu bila kumtazama. "Ukizitaka, beba."

"Nabeba. Ama kweli Wazigua! Macho mnayo lakini hamjui kutenga taka na mtu."

"Na nyie wabeba mizigo, mkiona chochote chini hamwezi kukiacha."

"Hatuachi, ndiyo. Ndiyo maana tuna mali."

Akaniinua, akanifuta majivu kwa upindo wa kaniki yake nyeusi, akaja mpaka mlangoni. Hapo utani ukamtoka usoni. Akamwambia mama, "Umemwona huyu? Huyu si wako."

Mama akaing'ata kanga yake.

"Sema umesikia."

"Nimesikia."

"Si wa nani?"

"Si wangu," mama akasema, na bibi kila alipofika hapa sauti yake ilishuka.

"Basi jina lake Siwako. Nakuachia umnyonyeshe, maana mimi maziwa sina. Siku aking'oka jino la kwanza mtanitafuta mnipe kuku mweupe, jembe, na kipande cha kaniki, nitamrudisha. Kabla ya siku hiyo nisisikie unamwita mwanangu. Ukimwita, umemwonyesha kwa anayemtafuta."

Baba hakuwepo, alikuwa shambani. Aliporudi alielezwa, akasema kwamba mwenye kutoa na kuchukua haulizi njia jaani. Siku ya saba alichinja mbuzi, akaninyoa, akanipa jina jema kutoka kitabuni, akaliandika kwa wino kwenye karatasi ya mwanzo ya kitabu chake cha dua. Alikuwa akifundisha kwamba mtoto ana haki juu ya baba yake, na haki mojawapo ni jina zuri. Jina langu la jaani lilimchoma. Hakuligombania, kwa kuwa aliona macho ya mama, lakini hakulitamka hata mara moja. Basi nilikua nina majina mawili. Kijiji kizima kiliita Siwako, baba peke yake aliita lile la kitabuni, na nyakati nyingi niliposikia lile la baba nilitazama nyuma kuona ni nani amekuja.

Nilipokuwa nimeanza kukimbia, mume wa yule mtani alipata kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Korogwe. Wakati ule mkonge ulikuwa ukimeza watu kutoka kila pembe ya nchi, tukiwaita manamba. Asubuhi wanaondoka, mama akatoka mbio na kuku mweupe chini ya kwapa.

"Mtani! Chukua, umalize."

Mtani alikuwa na mzigo kichwani na mkeka juu ya mzigo. Akasimama, akanishika kidevu, akanifungua mdomo. "Haya meno yote yamekaza kama Wazigua kwenye pilau. Jino, mama! Nilisema jino."

"Utakuwa mbali."

"Korogwe si Ulaya. Mtanifuata."

Wakaenda. Watu walicheka, na mama akacheka nao, lakini mtani ndiye mtu pekee duniani aliyeweza kumfungua ulimi, na alikuwa anapotea kwenye vumbi la njia. Mama alirudi ndani na kuku wake. Bibi alifariki mwaka uliofuata, na kuanzia hapo hakukuwa na mwingine wa kumwambia mama kwamba mambo haya yana njia nyingine. Alishika sharti kama mtu anavyoshika kamba akiwa kisimani.

Nilikuwa na miaka mitano, labda sita, nilipolielewa neno lenyewe. Ilikuwa kisimani, mstari wa ndoo na mitungi. Mama mmoja alimwita binti yake, "Mwanangu, shika hapa," na yule mtoto akashika tu, wala hakugeuka, kama mtu aliyepewa maji huku hana kiu. Nilishangaa. Nilimtazama mama yangu nikisubiri na yeye aniambie hivyo. Akasema, "Mtoto wa watu, sogea, utalowa."

Tangu hapo jambo langu duniani likawa moja. Nilitaka kulisikia neno hilo kutoka mdomo ule. Nikaanza kuyatikisa meno yangu. Nilitafuna mabua ya mtama, nilitafuna muhogo mkavu, nilisukuma kwa ulimi tangu asubuhi mpaka usingizi unichukue. Barazani baba aliposomesha, nilisoma kwa mdomo na kusukuma kwa ulimi, nafikiri ndiyo maana baadhi ya herufi zilinitoka vibaya. Mchana nililala chini ya ukingo wa paa, na kati ya kulala na kuamka nilimsikia mama akiniita vile. Nilifumbua macho, na hapakuwa na kitu isipokuwa mwanga mweupe uwanjani na kuku akichakura pale pale jaani nilipookotwa.

Jino lilitoka wakati wa mavuno, mdomo ukiwa umejaa mahindi ya kuchoma. Nililitema kiganjani. Lilikuwa dogo mno kwa mambo yote yale. Nikakimbia kwa mama, nikalishika juu, nikautazama mdomo wake.

Alilichukua. Alilifunga kwenye pindo la kanga yake, akafunga mara tatu. Midomo yake ilitetemeka, ikafumba. "Mtoto wa watu," akasema, "tutasafiri."

Jioni ile alimweleza baba. Ilikuwa miaka ya ile vita kuu ya pili. Magari yalikuwa machache na petroli ilikuwa ya serikali. Kwenda Korogwe ilikuwa kwenda kwa miguu. Nilidhani baba atakataa. Aliendelea kuichonga kalamu yake ya unyasi, kisha akasema, "Mimi siendi kumkomboa mtoto. Mtoto hajawahi kuuzwa. Naenda kuupumzisha moyo wako, maana nao ni amana niliyopewa." Akawapa wanafunzi likizo ya juma moja. Walishangilia wakijidai wanasikitika.

Tuliondoka alfajiri baada ya swala. Baba mbele na jembe jipya begani, mama nyuma na tenga la kuku mweupe kichwani na kaniki mpya kwapani, na mimi katikati. Kuku huyo hakuwa yule wa kwanza. Mama alikuwa amefuga weupe mfululizo miaka yote, mmoja akizeeka mwingine amekwishakua, ili siku ikifika asikose. Njia ilikuwa nyekundu, kisha ya mchanga, kisha nyekundu tena. Tulilala Sindeni kwa watu waliomfahamu baba kwa kisomo chake, na asubuhi tukakuta kuku ametaga ndani ya tenga. Mama aliwapa wenyeji lile yai. Mwenye nyumba akatania kwamba kuku wa kafara ametoa kafara yake mwenyewe, basi turudi nyumbani. Mama hakucheka.

Siku ya pili nakumbuka miguu ya baba tu, visigino vyake vyeupe kwa vumbi, na midomo yake ikitembea kwa dhikri, hatua na neno, hatua na neno, mpaka nikawa natembea usingizini nikiwa nimeshika shati lake. Nilipozinduka tulikuwa darajani, na chini yetu Pangani, mto mwingi na wa kahawia usio na sauti, na ng'ambo yake Korogwe. Sikuwahi kuona maji mengi namna ile yakienda bila mtu kuyachota. Nilitaka kusimama. Mama akanivuta mkono.

Kwenye shamba la mkonge tulilolielekea tulikuta mistari. Sina neno jingine. Mistari ya mkonge mpaka macho yanachoka, mistari ya nyumba za kambi, mistari ya watu wakirudi kutoka kukata, mikono imekwaruzwa. Kulikuwa na harufu chachu ya majani yaliyosagwa, na nyuzi nyeupe zilizoanikwa juu ya kamba zilipepea kama nywele za wazee wengi sana. Baba aliuliza nyumba moja baada ya nyingine. Mwishowe mwanamke mmoja aliyekuwa akitwanga akasema, "Yule Mnyamwezi wa maneno mengi? Walihama. Mumewe kapelekwa Mkumbara."

Mama akakaa chini pale pale, tenga kichwani. Hakulia. Alikaa tu.

"Nyanyuka," baba akamwambia. "Aliyetufikisha hapa kwa miguu hashindwi kutusogeza kwa gari moshi."

Kesho yake tulipanda. Sidhani kama nimewahi tena kusafiri namna ile, ingawa baadaye nilikwenda mbali, hata kuhiji. Mama alimshika kuku mapajani kwa mikono miwili na kufumba macho. Mimi nilisimama dirishani. Milima ya Usambara ilikuwa upande wetu wa kulia, ya samawati, ikitembea pamoja nasi polepole huku mkonge wa karibu ukikimbia kurudi nyuma, na mistari yake ilikuwa ikizunguka, ikifunguka na kujifunga kama kitabu anachokipekua mtu asiyeonekana. Nikaona kwamba vya karibu vinapita na vya mbali vinakaa. Nilimwambia baba. Akanishika kichwa, akasema, "Hilo ulishike." Nimelishika.

Mkumbara tulimkuta mtani upesi. Alikuwa nje ya nyumba yake akianika michembe, vile viazi vitamu ambavyo watu wa kwao huvikata na kuvikausha juani. Nywele zilikuwa zimeanza kumpauka. Aliinua kichwa, akamtazama mama, akatazama tenga, akatazama jembe.

"Wazigua kwa kuchelewa!" akapiga kelele. "Jino lishaota jingine, ndiyo mnafika?"

"Tungefika mapema," mama akasema, "lakini tulikuwa tunafuata nyayo za mpagazi, na mpagazi hana kwao."

"Loo! Umejifunza kujibu. Shikamoo mwalimu. Karibuni, karibuni, mkae. Msikanyage michembe yangu."

Mama alifungua pindo la kanga, akamwonyesha jino. Mtani alilitazama juani kama mtu anayekagua shanga. Akaniita, nikaenda. Akanifungua mdomo, akaingiza kidole penye pengo.

"Siwako," akasema. "Unanijua mimi nani?"

"Hapana."

"Haya. Mtoto wangu hanijui." Akamgeukia mama. Alikuwa bado anatabasamu, lakini mikono yake ilibaki mabegani pangu. "Na nikisema simtoi?"

Nilihisi vidole vyake vimekaza. Kuku akalia ndani ya tenga. Mama alipiga magoti kwenye vumbi, akaweka jembe mbele yake, na kaniki juu ya jembe, na tenga kando. Nadhani hakuwa na utani hata chembe uliobaki. Nilielewa kwamba watu wawili wananitaka, na kwamba mmoja wao amechoka sana.

Baba ndiye aliyezungumza. Alimwambia mtani kwa heshima, "Mama, kabla hujaamua, nina swali nililolibeba miaka saba. Mtume wetu alipenda majina mema, na alipokutana na jina baya alilibadilisha. Mimi ni mwalimu, na binti yangu anaitwa kwa neno la kumkana. Kwa nini ulichagua hili?"

Mtani akaniachia. Akakaa chini, akaokota kipande cha kiazi, akawa anakigeuza.

"Mwalimu, mimi si msomi. Nilizaa wawili kwetu, na mmoja njiani tukija huku. Wa kwanza nilikuwa namwita wangu. Usiku na mchana, wangu, wangu. Siku ya kumfukia nilipigana na wanaume pale makaburini, nawanyang'anya. Bibi mmoja, wala si ndugu yangu, akanishika mikono yote miwili, akaniambia: mama, si wako. Ana mwenyewe. Wewe uliazimwa. Nilimchukia yule bibi mwaka mzima." Akakirusha kiazi kwenye mkeka. "Lakini wa pili alipokwenda, neno lile ndilo lililoniinua chini. Na wa tatu hivyo hivyo. Nilipomwona mkeo nyuma ya mlango ule, sikuwa na dawa. Nilikuwa na neno moja tu, nikampa. Mkono ulioshika hivyo haukazi sana, mwalimu. Haumuumizi mtoto."

Baba aliinamisha kichwa. Nilimwona akiifuta miwani yake, kisha akayasema yale maneno tunayoyasema tukifikiwa na msiba, kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake ndiko tunakorejea. Aliyasema polepole, kama mtu anayesoma herufi aliyokuwa akiipita kila siku. Baadaye sana, nilipokuwa mkubwa na nikisomesha wasichana barazani mwake, aliniambia kwamba siku ile alifundishwa somo lake mwenyewe na mtu aliyekuwa akianika viazi.

Mtani akasimama. Akachota maji, akaninawisha uso, akanipangusa kwa ile kaniki mpya. Akanigeuza, akanisukuma mgongoni kwa viganja viwili mpaka nikaangukia kifuani kwa mama.

"Haya, mtani," akasema, na sauti yake ilikuwa kavu. "Beba takataka zako. Lakini jina liacheni. Hilo ndilo mtoto wangu mimi."

Baba akamjibu, "Litabaki."

Sasa mama alikuwa huru. Alinishika uso, akafungua mdomo, nami nikautazama kwa macho yangu yote. "Mtoto wa..." akasema, akakwama. Akajaribu tena. Machozi yakamjaa, neno halikuja. Mtani alicheka kicheko cha kuumia, akasema ulimi ni kama mbuzi, ukiuzoesha njia moja miaka saba hauachi kwa siku moja. "Liache. Litakuja lenyewe ukiwa hulitafuti."

Tulilala kwake. Alituchinjia kuku, si yule mweupe; huyo alimfunga mguu kwa kamba, akisema huyo ni mkwe, hachinjwi. Asubuhi alitujazia michembe katika tenga lililokuwa la kuku, akatusindikiza mpaka stesheni, akisimulia njia nzima ubaya wa Wazigua kwa kila aliyepishana nasi. Gari moshi lilipoondoka niligeuka kumtazama. Hakupunga mkono. Alikuwa amekunja mikono kifuani, kama mtu aliyembeba mtoto asiyekuwepo.

Hatukumwona tena. Mwaka uliofuata tulisikia wamerudi kwao. Nimemwombea kila siku tangu nilipojua kuomba, kwa jina nisilolijua, kwa kuwa sisi tulimwita mtani tu, na naamini dua imejua pa kwenda. Mimi pia nilizaa, na mimi pia nilimfukia mmoja. Siku hiyo jina langu ndilo lililonishika mikono.

Lakini ile siku ya kurudi sikuyajua hayo. Njia nzima nilimtazama mama mdomoni. Alikuwa akitazama milima. Korogwe tulishuka mchana, tukanunua chumvi, tukashika njia ya nyumbani, nikawa nimekata tamaa kama watoto wanavyokata, kabisa na kwa muda mfupi. Tulipofika darajani nilichomoka kwenda kutazama mto. Kulikuwa na tawi zima la mti linaelea, lina majani yake yote, limesimama wima kidogo kama linatembea. Nikaingiza kichwa kati ya nguzo za ukingo, kisha bega, nione litakapotokea upande wa pili.

"Mwanangu!"

Sauti ile ilitoka mahali ambapo sikuwahi kusikia sauti ya mama ikitoka. "Mwanangu, utaanguka! Mwanangu!"

Nilisikia vizuri mara ya kwanza. Lakini sikugeuka, nikasubiri aseme tena, na alisema tena, na michembe ilikuwa imemwagika daraja zima, na watu wa baiskeli wamesimama. Akanidaka kiunoni, akanivuta, akanipiga kofi la mgongo, akanikumbatia, huku akilisema neno lile bila kujua kwamba analisema.

Baba alikuwa ametangulia mbele. Aligeuka, akatutazama pale tulipokaa chini katikati ya daraja, kisha akarudi polepole, akainama, akaanza kuokota michembe mmoja mmoja na kuipuliza vumbi.

"Siwako," akaniita, kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Njoo umsaidie baba yako."

Niliitika. Sikuangalia nyuma kuona ni nani amekuja.